Umenigusa, hujanigusa: mwamuzi wa besiboli na kiwiko cha mpigaji

Kwenye rede, ukiguswa na mpira umetoka. Kwenye besiboli, ambako mrushaji anakurushia mpira uupige kwa gongo, ukiguswa na mpira huo unapewa kituo cha kwanza bure, hatua ya mwanzo kati ya nne za kuzunguka hadi kupata alama, unatembea mwenyewe mpaka pale huku mrushaji anakutazama. Faida imegeuzwa, na faida ikigeuka, uongo nao unahamia upande wa pili. Kwenye rede aliyeguswa anaapa hakuguswa. Kwenye besiboli asiyeguswa anashika mkono, anakunja uso, anangoja daktari.

Sitanii kuhusu daktari. Septemba 2010 Derek Jeter wa New York Yankees, mchezaji aliyeheshimika kuliko karibu wote wa kizazi chake, aliruka na kujipinda kwa maumivu baada ya mpira kugonga kitako cha gongo lake. Mhudumu wa tiba wa timu akatoka mbio kuja kumkagua. Mwamuzi Lance Barksdale akampa kituo. Kocha wa Tampa Bay, Joe Maddon, alibisha hadi akafukuzwa uwanjani. Mchezo ulipoisha Jeter alikiri bila aibu kwamba mpira uligonga gongo, ila kazi yake ni kufika kituoni.

Mpwa wangu angemwelewa mara moja. Ana miaka tisa, na kila jioni yeye na wenzake huchezea rede pale Nyakato, hapa Mwanza, kwenye kijiuwanja kilichobaki kati ya nyumba yetu na jiwe ambalo hakuna fundi aliyeweza kulipasua. Wawili wanarusha mpira wa soksi huku na huku, wa katikati anakwepa na kujaza mchanga kwenye chupa. Juzi mchezo ulisimama. Mrushaji alikuwa amemshika mpwa wangu gauni, akanionyesha pindo. "Mjomba, angalia vumbi! Hapa ndipo mpira ulipopita." Mpwa wangu naye: "Hilo ni gauni, si mimi!"

Swali zuri kuliko wanavyojua wenyewe. Nguo ni mwili au si mwili? Kanuni za besiboli za Marekani zimelijibu: mwili wa mchezaji ni pamoja na nguo na vifaa alivyovaa. Kwa hiyo pindo la gauni lingemtosha mpwa wangu kupewa kituo, na ndivyo ilivyo kwa kiatu.

Habari ya kiatu ina ladha yake. Kwenye fainali za mwaka 1957, mchezo wa nne, Nippy Jones wa Milwaukee Braves alidai mpira umempiga mguuni. Mwamuzi Augie Donatelli hakuona kitu hadi alipoletewa mpira wenyewe: ulikuwa na alama ya dawa ya viatu. Jones akapewa kituo, timu yake iliyokuwa nyuma ikashinda mchezo ule na baadaye fainali nzima. Miaka 12 baadaye, fainali za 1969, mchezo wa tano, kisa kilijirudia. Mwamuzi Lou DiMuro alioneshwa na kocha wa New York Mets, Gil Hodges, mpira wenye dawa ya viatu, na mpigaji akapewa kituo. Jina la mpigaji? Cleon Jones. Mtu ukiwa na ukoo wa Jones, paka viatu dawa.

Nacheka, lakini visa hivyo viwili vina jambo la maana. Vilihusu swali jepesi: mpira umegusa au haukugusa? Swali hilo lina alama, lina vumbi, lina dawa ya viatu. Tangu ligi kuu ya Marekani ilipopanua matumizi ya marudio ya video mwaka 2014, kamera inalijibu vizuri tu. Kitendo cha Jeter leo kingedumu dakika mbili. Tatizo ni kwamba kanuni haikuishia hapo. Inamtaka mwamuzi ajibu maswali mawili mengine, na moja kati ya hayo, naamini, limeandikwa vibaya kiasi kwamba waamuzi wengi wameacha kulijibu kabisa.

Tuanze na lile la kwanza, ambalo ni la mahali. Straiki ni mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji, na tatu zinamtoa; boli ni mrusho wa nje ya eneo ambao hakuupiga, na nne zinampa kituo bure. Eneo la straiki ni ile nafasi iliyo juu ya bamba la nyumbani, kibao cha ardhini ambacho mpigaji husimama kando yake na mkimbiaji humalizia hapo, kuanzia chini kidogo ya goti la mpigaji hadi katikati ya mabega na mkanda wa suruali. Mpira ukimgusa mpigaji ukiwa ndani ya eneo hilo, ni straiki. Aumie asiumie, akwepe asikwepe. Wengi hudhani haiwezekani mwili wa mtu kuwa mahali ambapo mpira halali unapita, lakini mstari wa kisanduku cha mpigaji uko sentimita 15 tu kutoka kwenye bamba. Simama pale, kunja mkono ukishika gongo, kiwiko chako kinaning'inia juu ya bamba lenyewe.

Aprili 8, 2021, Mets walikuwa sare 2–2 na Miami Marlins, duru ya tisa, yaani ya mwisho, vituo vyote vimejaa wakimbiaji. Michael Conforto alikuwa na straiki mbili. Mrushaji Anthony Bass akarusha mpira uliopita ndani ya eneo la straiki. Conforto akasogeza kiwiko chenye kikinga, mpira ukakigusa. Mwamuzi Ron Kulpa alionekana kuanza kuinua mkono wa kumtoa, kisha akabadilika, akampa kituo. Vituo vikiwa vimejaa, kila mkimbiaji anasukumwa mbele, wa kituo cha tatu akaingia nyumbani akapata alama. Mets 3, Marlins 2, mchezo umekwisha. Kamera ilithibitisha kwamba mpira umegusa, na hilo hakuna aliyelibishia. Kama ulikuwa ndani ya eneo la straiki, kamera haikuruhusiwa kuulizwa. Baada ya mchezo Kulpa alisema wazi kwamba alipaswa kumtoa Conforto.

Namheshimu kwa kukiri. Lakini nilipoitazama video ile kwenye simu ya kijana mmoja hapa kijiweni Mabatini, kilichonivutia ni ule mkono uliopanda ukashuka. Jicho lake liliona straiki. Sikio likasikia mpira ukigonga kikinga. Sikio likashinda. Nimechezesha netiboli za shule kwa miaka, na jambo hilo nalijua mwilini: sauti ya kugongana inakupiga kabla akili haijamaliza kusema ilichoona. Filimbi inalia yenyewe.

Kosa la Kulpa linaweza kutibika. Mwamuzi anafundishika kuuliza kwanza mpira ulikuwa wapi, ndipo aulize umemgusa nani. Na ligi hiyo hiyo ilipitisha mwaka 2025 kwamba kuanzia msimu wa 2026 mrushaji, mdakaji (anayeupokea mpira nyuma ya bamba) au mpigaji aweze kuomba mashine ipime straiki na boli. Mahali panapimika. Panapopimika, ubishi unakwisha.

Swali la pili halipimiki. Kanuni inasema mpigaji hapewi kituo kama hakufanya jitihada yoyote ya kukwepa mpira. Asipojitahidi, na mpira ulikuwa nje ya eneo la straiki, inahesabiwa boli ya kawaida na anarudi kupiga.

Isome tena uone inachodai. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kwenye bamba. Mpira una uzito wa gramu 140 na ushei, na wa kasi ya kilomita 150 kwa saa unamfikia mpigaji kwa sekunde 0.4 hivi. Ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa autambue, aamue kama anaupiga, agundue kwamba unamjia yeye, kisha akwepe, na mwamuzi aliyechuchumaa nyuma ya mdakaji aione jitihada yenyewe. Mwili wa binadamu ukishtuka mara nyingi haukimbii. Unaganda. Mtu aliyeganda hakufanya jitihada yoyote, kwa hiyo kanuni ikisomwa neno kwa neno, aliyepigwa mbavuni akiwa amesimama kama mlingoti anastahili kunyimwa kituo. Nani atamnyima? Mimi nisingeweza. Umati ungenila.

Hapo ndipo uharibifu unapoanza. Mwamuzi akiona kanuni inamtaka amwadhibu mtu aliyeganda kwa hofu, anaiweka kanuni mfukoni. Na akishaiweka mfukoni, anaiweka kwa wote. Aliyeganda anapita, na yule aliyeshusha kiwiko taratibu mpira ukamkute naye anapita. Neno "jitihada" linamuuliza mwamuzi alichokosa kufanya mpigaji, wakati linalopaswa kuulizwa ni alichofanya. Kuganda si kosa, na kuufuata mpira ni kosa. Ningepewa kalamu ningeandika hivyo tu: asipewe kituo anayeusogelea mpira au anayeweka kiungo chake njiani makusudi.

Kriketi ililiona hili kwa pembe yake. Mpira ukimgonga mpigaji mguuni ukaenda mbali, mikimbio, yaani alama, inayotokana nao haihesabiwi kama hakujaribu kuupiga wala kuukwepa. Hata hivyo wao wanabishania mkimbio mmoja au miwili. Ndugu zangu wa Kirumba watataja mfano wa karibu zaidi: mkono wa beki ndani ya boksi. Kwa miaka mwamuzi wa soka aliulizwa kuhusu nia ya beki, akachoka kusoma mioyo ya watu, kanuni zikaanza kumuelekeza atazame mkono uko wapi na kama umeupanua mwili isivyo kawaida. Hakuna mtu anayeridhika, kila wiki tunabishana, lakini angalau tunabishana kuhusu kitu kinachoonekana kwenye picha. Kiwiko kilichoshuka kinaonekana kwenye picha. Jitihada iliyokosekana haionekani, kwa sababu haipo.

Mtu atauliza: kama kanuni haitekelezeki, mbona kuna aliyewahi kuitekeleza? Yupo, na umaarufu wa tukio hilo miaka yote hii unaonyesha jinsi lilivyo la nadra.

Mei 31, 1968, uwanja wa Dodgers, Los Angeles. Don Drysdale alikuwa amekwisha kurusha michezo minne mfululizo bila kuruhusu mkimbio hata mmoja, na huu wa tano ulikuwa umefika duru ya tisa, Dodgers wakiongoza 3–0 dhidi ya San Francisco Giants. Vituo vikajaa, hakuna aliyetolewa. Akasimama Dick Dietz, boli mbili, straiki mbili. Mpira ukampiga mkononi. Mkimbiaji wa kituo cha tatu alikuwa anaingia nyumbani, rekodi inakufa, na Dietz ameshaanza safari ya kituo cha kwanza. Mwamuzi Harry Wendelstedt akamrudisha. Hukukwepa, akamwambia. Boli ya tatu.

Kocha wa Giants, Herman Franks, alibisha hadi akafukuzwa. Utulivu uliporudi Dietz akasimama tena, akapiga mpira mfupi wa juu uliodakwa upande wa kushoto, mkimbiaji wa tatu akashindwa kuondoka. Drysdale akawatoa wawili waliofuata, akaendeleza rekodi yake hadi duru 58 na theluthi mbili. Ilivunjwa na Orel Hershiser mwaka 1988 kwa duru 59.

Mashabiki wa Giants walioiona siku ile hawajasamehe, na ninawaelewa. Lakini tazama alichofanyiwa Dietz hasa. Hakutolewa. Hakuongezewa straiki. Aliongezewa boli moja, yaani alirudishwa kupiga akiwa katika hali nzuri kuliko aliyokuwa nayo kabla ya mpira kumgusa. Watoto wa Nyakato wana jina la hukumu ya namna hiyo: "irushwe tena". Ndiyo wanayoitoa wakishindwa kuelewana, na hakuna anayelia nayo kwa zaidi ya dakika.

Hili ndilo ambalo mjadala wa Wamarekani, kwa ninavyousikia, huliruka. Wanazungumza kana kwamba kumnyima mpigaji kituo ni kumwadhibu mtu aliyeumia. Ukiondoa mpira ulio ndani ya eneo la straiki, hakuna adhabu hapo. Kuna kurudia tu. Woga wa mwamuzi ni mkubwa kuliko hukumu anayoiogopa.

Chukua Juni 20, 2015. Max Scherzer wa Washington Nationals alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Pittsburgh Pirates mfululizo. Akimtoa wa 27, anatimiza mchezo kamili, yaani hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituoni tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo kuanzia 1880 hadi 2023 limetokea mara 24 tu katika ligi kuu. Mpigaji wa 27 alikuwa José Tábata. Boli mbili, straiki mbili, kama Dietz. Tábata alizuia mipira kadhaa kwa gongo, kisha ukaja mmoja uliopinda ndani, naye akashusha kiwiko chenye kikinga ukakigusa. Mwamuzi Mike Muchlinski akampa kituo. Scherzer akamtoa aliyefuata, akashinda 6–0 bila kuruhusu mpigo hata mmoja wa kufika kituoni. Mchezo kamili, lakini, ulikuwa umeondoka na kiwiko.

Je, Tábata alifanya makusudi? Siwezi kuapa, wala Muchlinski asingeweza kuapa kwa kasi ile. Lakini kiwiko kilishuka, hakikupanda. "Irushwe tena" ingekuwa boli ya tatu, Tábata bado amesimama na gongo lake, Scherzer bado ana mpira wake. Nani angekuwa ameibiwa?

Na hicho kikinga. Kwenye rede mpira wa soksi hauumi sana, ila unaacha aibu. Mpira wa besiboli unavunja mfupa, na hofu hiyo ndiyo iliyokuwa inamkwepesha mpigaji bila kuhitaji kanuni. Ukimvisha plastiki ngumu kiwikoni umemwondolea hofu na umemwachia faida. Tábata na Conforto wote waliguswa penye kikinga. Simlaumu mtu kujikinga, ila kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya mkono mtupu haiwezi kusomwa vilevile mkono ukivaa silaha.

Kuna hoja nzito upande wa pili na sitaki kuipita kama basi la Igoma linavyopita kituo. Kituo cha bure kiliwekwa, kwenye ligi ya National mwaka 1887, kwa sababu warushaji walikuwa wanawapiga watu bila kulipa chochote. Agosti 16, 1920, mpira wa Carl Mays wa Yankees ulimpiga Ray Chapman wa Cleveland kichwani. Sauti yake ilikuwa kubwa hivi kwamba Mays alidhani umegonga gongo, akauokota na kuurusha kituo cha kwanza. Chapman alifariki alfajiri ya siku iliyofuata. Walioshuhudia walieleza kwamba hakuonekana kusogea hata kidogo. Aliganda. Mtu anayenitajia Chapman ili kutetea kituo cha bure ananisaidia mimi: huyo ndiye kanuni ilivyoandikwa ingemnyima. Naye mrushaji anayewinda watu ana dawa yake nyingine, kwani mwamuzi anaweza kumwonya au kumfukuza uwanjani. Hayo ni mashtaka mawili tofauti, yasichanganywe.

Kwa nini mtu wa Mwanza ahangaike na haya yote, wakati Pamba Jiji wenyewe wanatutosha kwa presha? Kwa sababu mchezo huu hauko mbali tena. Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, vijana wa Lugazi walikwenda Marekani mwaka 2012 kucheza fainali za dunia za watoto, na mwaka 2022 Dodgers, klabu ile ile ya Drysdale, iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Siku wavulana na wasichana wetu watakaposhika gongo pale Nyamagana, mwamuzi wao wa kwanza atakuwa mwalimu wa michezo kama nilivyokuwa mimi, bila kamera, bila mashine, akiwa na wazazi nyuma ya kamba.

Huyo ningemwambia achuchumae mahali anapokiona kiwiko cha mpigaji kilichoelekea kwa mrushaji. Asubiri kidogo kabla ya kuinua mkono, sauti ya kugonga ipite kwanza. Na asimtazame mpigaji usoni, kwa sababu uso ndio unaosema uongo. Kiwiko hakijajifunza bado.

Ule ubishi wa gauni? Nilisema irushwe tena. Mrushaji alinuna, akauliza vumbi linakwenda wapi basi. Mpwa wangu akarudi katikati akinichekea kama niliyemfichia siri. Akainama kuchota mchanga, na mpira wa kwanza ukampata mgongoni, paa, jirani akachungulia dirishani. Akaweka chupa chini, akatoka.